Kompyuta ya mbali kwenye brauza: mbona inajivuta?

Wiki hii maswali yote ni ya watu wanaofanyia kazi kompyuta iliyo mbali kupitia brauza tu, yaani Guacamole, noVNC na ndugu zao. Yaliyokuwa marefu nimeyafupisha. Karibu kila aliyeandika analaumu bando, na mara nyingi bando la watu halina kosa lolote.

Kaka, mimi ni wakala wa forodha hapa Busia. Programu yetu ya ofisi iko kwenye seva Ujerumani. Tumepandisha intaneti hadi Mbps 50 lakini nikiandika, herufi zinakuja zimechelewa kama zinafikiria kwanza. Tulipie 100?

Msilipe. Mbps ni upana na shida yenu ni umbali, hata wakijenga barabara ya njia nane hadi Mombasa, Mombasa haisogei. Ukibonyeza herufi A, brauza haiichori yenyewe, inaituma Ujerumani, kompyuta ya kule ndo inaichora, kile kipande cha skrini kinabanwa kiwe kidogo, kinarudi, alafu ndo unakiona. Hiyo safari nzima unaifanya kwa kila herufi. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za waya zinakula milisekunde 1 ya kwenda na kurudi, na waya wenyewe haunyooki, sisi Uganda hatuna bahari, tunategemea majirani, mara nyingi Kenya hadi Mombasa kwenye kebo kama SEACOM na TEAMS za 2009 au EASSy ya 2010, na kutoka hapo kwenda Ulaya ni mzunguko mwingine.

Fungua terminal, andika ping kisha anwani ya seva, itakupa milisekunde za kwenda na kurudi. Kwa macho yangu mimi, chini ya 60 hutahisi kitu, ikifika 100 unaanza kuona, 200 kwenda juu ndo hizo herufi zinazofikiria. Dawa ni kuisogeza seva. Kwa seva za kukodi, Azure ya Microsoft wako Johannesburg tangu 2019, AWS ya Amazon wako Cape Town tangu 2020, ila pima ping kabla ya kuhama, maana njia ya kwenda Afrika Kusini wakati mwingine inazungukia Ulaya na hapo mtakuwa mmehama bure. Kama wafanyakazi wote mko Uganda, kwa nini isikae Kampala tu? Mtandao wako ukikutana na ule wa seva pale UIXP, kituo cha kubadilishania intaneti kilichopo Kampala tangu 2001, data haina haja ya kuona bahari.

Bosi akikataa, basi maandishi marefu yaandike kwenye laptopu yako alafu kopi upesti kule. Si raha lakini inaokoa siku.

Nimeweka Guacamole nyuma ya Nginx, ile seva inayopokea wageni mbele yake. Inafunguka vizuri, login iko sawa, ila mausi inarukaruka. Ping ni 12 tu. — IT, Ntinda

Kwa ping ya 12 hiyo nakuambia bila kuona: websoketi (laini inayobaki wazi kati ya brauza na seva) imekataa na Guacamole imerudi kwenye njia yake ya akiba ya HTTP, kimyakimya, bila kukuambia kosa lolote. Bonyeza F12, nenda Network, refreshi. Ukiona mstari mmoja wenye namba 101, yaani websoketi imekubali, uko salama, ukiona maombi mengi yanamiminika yenye neno tunnel na read ndo hiyo. Kwenye location ya Nginx weka `proxy_http_version 1.1;` kisha `proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;` na `proxy_set_header Connection $http_connection;` na tafadhali usisahau `proxy_buffering off;` maana bila hiyo Nginx inakusanya vipande vya picha kwanza ndo ivitoe kwa mkupuo, na huko kuruka kwa mausi kunatoka hapo. Reload, rudi F12, tafuta 101.

Natumia noVNC. Nikitoka kidogo kununua rolex (chapati ya mayai) nikirudi nakuta imekatika. Nikikaa nikiitumia haikatiki hata masaa matatu.

Una Nginx katikati, sivyo? Ina kitu kinaitwa `proxy_read_timeout`, na ukiiacha ilivyo ni sekunde 60. Kama seva haijatuma chochote kwa dakika moja, na skrini isiyobadilika haitumi chochote, Nginx inakata. Ipandishe hadi `3600s`.

Kuna wajanja wanaweka JavaScript ya kutuma ping, ujumbe mdogo wa "bado nipo", kila sekunde 30 wakidhani wamemaliza. Ukiwa kwenye ukurasa inafanya kazi, ila ukihamia kichupo kingine Chrome inabana taimaa za kichupo kilichofichwa, na tangu toleo la 88 la 2021 kikikaa kimefichwa zaidi ya dakika tano taimaa inaweza kuruhusiwa mara moja tu kwa dakika. Ping ya sekunde 30 inageuka ya sekunde 60, Nginx nayo inahesabu 60, hapo ni bahati nasibu. Ping itoke upande wa seva: websockify, daraja kati ya noVNC na seva ya VNC, ina `--heartbeat=30`, na brauza inaijibu yenyewe bila JavaScript kuguswa.

Umeme ukikatika na Yaka (umeme wa kulipia kabla) imeisha, kazi niliyokuwa naandika kule inapotea?

Hapana nnyabo. Iko kwenye seva, wewe umepoteza dirisha tu. Login tena uendelee, isipokuwa kama admini wako ameweka kipindi kilichokatika kifungwe baada ya muda, muulize.

Nina duka la kuchapa Nasser Road, wadizaina wangu wanaingia kwenye mashine kubwa ya ofisini kwa brauza. Kopi na pesti inagoma kwa baadhi yao, na kwa wengine inakubali ila maandishi ya Kiganda yanaharibika.

Hayo ni mambo mawili tofauti mzee wangu. Wanaogomewa, angalia anwani wanayofungua. Kama inaanza na http:// alafu 192.168 na kadhalika, brauza haitampa huo ukurasa ruhusa ya kusoma klipibodi (pale kilichokopiwa kinapokaa), inataka HTTPS au localhost, yaani kompyuta hiyohiyo, basi. Weka cheti, hata cha kujitengenezea mwenyewe mradi umekisajili kwenye kila kompyuta. Wa Firefox waapdeti, kusoma klipibodi kwa kurasa za kawaida kulikuja kwenye toleo la 125 la 2024, na hata hapo kinatokea kitufe kidogo cha kubonyeza kwanza. Wakati mnasubiri fundi, kama ni Guacamole bonyeza Ctrl+Alt+Shift, menyu inatoka pembeni ina sanduku la maandishi, pesti humo.

Kuhusu Kiganda, nadhani kinachoharibika ni ile ŋ, kwamba eŋŋoma inafika e??oma. VNC ya zamani (VNC ndo lugha noVNC inaongea na seva) inabeba klipibodi kwa Latin-1, orodha ya herufi za Ulaya Magharibi, na Latin-1 haina ŋ kabisa, a mpaka z zinapita salama ndo maana Kiingereza hakiwasumbui. Toleo jipya la noVNC na seva mpya ya VNC wanaelewana kwa UTF-8, yenye herufi za lugha zote, ila lazima pande zote mbili ziwe mpya, kuapdeti moja hakusaidii kitu.

Niko Arua natumia hotspot ya simu, bando linaisha kama maji. Nifanyeje?

Shusha ukubwa wa skrini kwanza kabla ya mengine yote. 1366 kwa 768 ina pikseli karibu nusu ya 1920 kwa 1080. Kama laptopu yako ina skrini zile kali zenye kipimo cha 2 na programu inakifuata, unabeba pikseli mara nne za bure. Kwenye noVNC fungua mipangilio, Quality inaanzia 6, ishushe hadi 3, Compression inaanzia 2, ipandishe. Picha ya mandhari ya deskitopu itoe, weka rangi moja. Na YouTube fungua kwenye laptopu yako banange, sio kule ndani, maana video inashuka kwenye seva, inabanwa upya fremu kwa fremu, ndo ikufikie wewe, mbaya na ghali.

Ni mwanafunzi hapa Wandegeya, naandika klaienti yangu mwenyewe, yaani programu ya kuonyesha kompyuta ya mbali kwenye brauza. Bagi mbili zinanimaliza: vipande vya zamani vya skrini vinafunika vipya, na kichupo kinakula RAM mpaka laptopu inaganda.

Hili nimelipenda. Bagi ya kwanza, wewe unatumia `createImageBitmap` alafu unachora ndani ya `then`, si ndiyo? Ile inafungua picha pembeni, na picha kubwa iliyofika kwanza inaweza kumaliza baada ya ndogo iliyofika nyuma yake, basi ya zamani inachorwa juu ya mpya. Fungua picha zote kwa pamoja hakuna neno, ila kuchora weka foleni, kila moja isubiri ya mbele yake.

RAM, kwanza uite `close()` kwa kila ImageBitmap ukishaichora. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ikifunguliwa ni zaidi ya MB 8, hesabu mwenyewe ukiacha ishirini kwa sekunde zimsubiri mkusanya taka, yaani brauza inaposafisha kumbukumbu yenyewe. Kama unapitia Blob na URL, `URL.revokeObjectURL` pia.

Alafu kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaioni. Websoketi ya brauza haina namna ya kumwambia seva ngoja kwanza, ujumbe unaingia tu hata kama umezidiwa. Unapochora kwa `requestAnimationFrame`, ambapo brauza ndo inakuita kila fremu, na mtu akahamia kichupo kingine, kuchora kunasimama lakini picha zinaendelea kuja, foleni inavimba huko nyuma. Guacamole wanatumia amri ya sync yenye wakati ndani yake, klaienti inairudisha ikishamaliza kuchora, seva inaona tofauti na kupunguza mwendo. VNC yenyewe ni klaienti ndo inaomba fremu inayofuata. Chagua mojawapo, alafu sikiliza `visibilitychange`: ukifichwa mwambie seva asimame, ukirudi omba skrini nzima upya.

Ukimaliza hayo ndo uhamishie kazi kwenye Worker (kodi inayokimbia pembeni ya ukurasa) kwa OffscreenCanvas, turubai ya kuchorea huko, hata Safari ilishaikubali 2023. Usianze na hiyo, utahamisha bagi zako tu ziende kuishi Worker.

Nikirudi kutoka Alt+Tab kila herufi nikibonyeza inafungua menyu. Na Ctrl+W inanifungia kila kitu.

Alt imekwama kule. Uliibonyeza ndani, ukaiachia ukiwa dirisha jingine, seva haikuambiwa umeiachia. Iguse Alt mara moja itaachia, na mwenye programu aambiwe atoe amri ya kuachia vitufe vyote dirisha likipoteza fokasi. Ctrl+W ni ya brauza yenyewe. Kwenye Chrome na Edge, kama programu imewekewa Keyboard Lock, ruhusa ya kushika vitufe vya brauza, na iko HTTPS, jaza skrini nzima na itapita hadi kule, kutoka unashikilia Esc. Firefox haina hiyo, huko funga dirisha kwa mausi.