Mkuu usiweke wavu kwenye utoro wa maji (njia ya kutolea maji yanayozidi), lambo langu liliondoka hivyo hivyo

Mkuu hebu simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako wote, una lambo la kina cha mita 4 shambani kwa mzee, unataka kupandikiza sato, mtumbwi wa kutembeza watu, banda la nyama choma juu ya tuta linalozuia maji, watoto waogelee wikiendi, unauliza bei ya kiingilio, unauliza vifaranga wangapi, halafu katikati umechomekea sentensi moja kama haina maana vile: "utoro wa maji nitauwekea wavu samaki wasitoroke na nitaupandisha kidogo ili maji yajae vizuri". Hiyo sentensi imenifanya nisogeze sahani ya ugali pembeni nianze kuandika. Hao waliokujibu "hongera mkuu, fursa hiyo" sidhani kama kuna hata mmoja mwenye lambo.

Mimi nilikuwa nalo. Mvomero huku Morogoro, maji yakijaa ni kama ekari mbili na nusu, lilichimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe, tuta la udongo mtupu, na kule kulia utoro, ule mfereji mpana wenye nyasi ambao maji yakizidi yanapita humo yanaenda zake korongoni. Miaka 20 na kitu lilikaa salama salimini, nikaja kuweka samaki, mtumbwi na banda la wateja juu ya tuta kama unavyotaka wewe, na kwa akili zangu nikaona ule mfereji unanipotezea maji bure.

Aliyenitia upofu ni jamaa aliyeniuzia vifaranga. Alikuja na kofia pana na tableti, akauangalia utoro dakika mbili, akasema bosi hela yako yote itatorokea hapa, weka wavu wa matundu madogo. Nikamuuliza, na mvua ikinyesha? Akanijibu "maji yanapita, samaki hawapiti". Aisee sentensi tamu kama nini! Mtu akikupa sentensi tamu namna hiyo muulize ameshaona malambo mangapi kwenye masika. Siku ya siku namba yake ikawa haipatikani, mpaka leo haipatikani, na kama anasoma hapa basi ajue bado ninayo ile risiti. Wa pili ni fundi aliyenijengea kozi mbili za tofali kwenye mdomo wa utoro, kwa sababu mtumbwi ulikuwa unakwama kwenye matope karibu na banda. Anaitwa injinia mtaa mzima, kumbe uinjinia wake ni wa mashimo ya choo, sawa ni kazi ya heshima lakini choo hakipasukii jirani.

Sasa fanya hesabu ambayo mimi sikuifanya. Kozi mbili zile zilipandisha maji kama sentimita 45. Kwenye eneo la hekta moja hizo ni lita milioni 4 na nusu, yaani tani 4,500 za maji nilizoongeza mgongoni kwa tuta lililojengwa kwa ajili ya ng'ombe. Na toka usawa wa maji mpaka kichwa cha tuta palikuwa na mita moja, nikaila karibu nusu. Hiyo nafasi uionayo imekaa bure juu ya maji ndiyo pumzi ya lambo. Lakini kwa macho yangu lilipendeza bwana, maji yamefika karibu na viti vya wateja, watu wanapiga picha.

Masika ya 2024 mnaikumbuka ilivyokuwa. Usiku mmoja wa Aprili mvua ilianza saa mbili haikupumzika, saa nane mlinzi akanipigia, bosi maji yamefika kwenye miguu ya banda. Nikachukua tochi nikaenda. Wavu ulikuwa hauonekani! Umevaa majani ya mahindi, magugu, chupa za plastiki, matawi, kandambili moja, na katikati sato wadogo wamebanwa wanapigapiga mikia, umekuwa ukuta kabisa, maji upande huu yamejaa na upande wa pili kwenye utoro yanachuruzika kama bomba la mgao. Nikaushika niuvute. Mkuu, wavu ulioegemewa na maji hauvutiki, ni kama kuvuta mlango ambao ng'ombe kumi wameuegemea. Mlinzi akaingia na panga kukata kamba, nikamkamata mkanda wa suruali nikamtoa, maana ungeachia angeenda nao. Hiyo ndiyo akili pekee niliyoitumia mwaka ule.

Tukarudi kwenye tuta, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo mvua ikinyesha usiku nakiona. Pale katikati, kwenye njia ya magari ya wateja, tuta lilikuwa limedidimia kidogo, mchana huwezi kulitambua, maji yanalitambua. Yalikuwa yanapita juu, membamba, kama mtu ametandika shuka, hata kisigino hayafuniki. Nikamwambia mlinzi tuwahi viroba vya mchanga. Kumbe kazi ilikuwa inafanyika upande wa pili chini, maji yakishuka ule mteremko yanapata mbio, yanachimba pale mguuni, udongo unamegeka, kishimo kinapanda kinarudi juu kuelekea kwenye maji, kila kinavyopanda maji yanaongezeka na yakiongezeka yanachimba zaidi. Zege lingevumilia vumilia. Udongo hauna uvumilivu huo. Viroba sita tu tulikuwa tumejaza, tukasikia mguno, siyo mlipuko kama kwenye sinema, mguno kama wa lori linalopandisha mlima Kitonga, pengo likafunguka na banda likaondoka likiwa limesimama, na friji ndani.

Haikufa roho ya mtu na hilo namshukuru Mungu kila siku, maana chini kule kuna nyumba tatu na mlinzi ndiye aliyekimbia kuwagongea. Ila mpunga wa majirani wawili ulilala, mbuzi wanane wa mzee mmoja walikwenda, nimelipa mpaka nikauza pikipiki na kiwanja, na yule mzee tukikutana msikitini ananiitikia salamu kwa kidevu. Samaki ambao sikutaka watoroke, vifaranga 5,000, walitoroka wote na lambo lao. Cheka tu mkuu, mimi nimeshacheka yangu.

Watu wa bodi ya maji ya bonde la Wami/Ruvu walipokuja kukagua (ndiyo, kibali nilikuwa sina, usianze), mhandisi mmoja mtu mzima akaniambia kosa langu lina historia. Marekani, Pennsylvania, tarehe 31 Mei 1889, bwawa la udongo la South Fork lilikuwa mali ya klabu ya matajiri, wanakwenda kuvua na kupumzika, Andrew Carnegie mwenyewe alikuwa mwanachama. Waliweka nyavu kwenye utoro ili samaki wasitoroke, na kichwa cha tuta walikipunguza ili magari ya farasi yapite vizuri. Mvua kubwa ikaja, takataka zikaziba, maji yakapita juu, mji wa Johnstown ukasombwa, walikufa watu zaidi ya 2,200. Kwa hiyo mimi na Carnegie kuna kitu tumefanana, bahati mbaya siyo hela. Na usiseme ni ya zamani na ya mbali, Solai kule Nakuru, Kenya, Mei 2018 bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka usiku likaua watu zaidi ya 40. Sababu za lile zina habari yake, mimi nasema tu maji ya mtu binafsi hayajui mpaka wa shamba lake.

Kwa hiyo utoro HAUGUSWI. Usiupandishe hata tofali moja, usiuwekee wavu, wala nondo, usilime bamia humo, usiegeshe mtumbwi humo hata kwa siku moja. Samaki wachache watakwenda na maji, waache waende, ukiona uchungu fuga kwenye vizimba katikati ya lambo. Kabla ya mvua chukua lile bomba jembamba la plastiki wanalotumia mafundi kupimia usawa, weka maji, pita nalo juu ya tuta mwanzo mpaka mwisho utafute palipodidimia, ukipaona paongezewe udongo ushindiliwe hasa. Na banda litoe juu ya tuta, weka kando kwenye ardhi ya asili, magari pia.

Kuogelea, kwa kifupi kwa sababu mkono umechoka: karibu na tuta ndani ya maji huwa kuna shimo walikochimba udongo wa kulijengea, mtoto anatembea maji ya kiunoni, hatua moja hayupo. Lipime kwa mti mrefu uweke kamba yenye maboya. Kichocho pia, ukiona konokono kwenye majani ya pembeni usiruhusu mtoto aingie. Mtumbwini kila mtu jaketi okozi, hata anayesema amezaliwa Ukerewe.

Ulikuwa umeuliza nini tena... vifaranga wangapi, hilo waulize wengine, kwa samaki mimi sina mamlaka tena. Kiingilio nadhani tulikuwa tunatoza elfu mbili, mtumbwi sikumbuki. Piga picha ya utoro wako uitume hapa kabla hujanunua huo wavu. Kama umeshanunua, zungushia kuku.