Meneja Kutoka Nchi Jirani Naye Afundishwe

Kwa muda mrefu kazi yangu imekuwa kuwaandaa mameneja wa hoteli za Unguja, hasa za Nungwi, Kiwengwa na Paje, na kila mwajiri anayeniomba ushauri ninamsisitizia kwamba mafunzo ya kufanya kazi na watu wa utamaduni mwingine yasiishie kwa Wazungu. Meneja wa Kiitaliano hufika akijua kuwa ni mgeni, hivyo huuliza. Anayetoka Nairobi, Kampala au hata Dar es Salaam huona kwamba lugha anaielewa na watu ni wale wale, kwa hiyo hana la kuuliza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imemfungulia mlango wa ajira yule wa Nairobi au Kampala, lakini haikumfundisha namna ya kuingia.

Vipimo vya utamaduni vya vitabuni havitusaidii sana hapa. Alama maarufu za Geert Hofstede, mtafiti wa Kiholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, ziliziweka Kenya, Tanzania, Zambia na Ethiopia katika kundi moja, na anayezitegemea atadhani kwamba mhudumu wa Kisumu, Kenya, na wa Makunduchi, hapa Unguja, hupokea agizo kwa namna moja.

Mimi hupendelea kumpa meneja uamuzi halisi badala ya mhadhara wa mila. Apange mwenyewe zamu za mwezi wa Ramadhani, ndipo atakapogundua kwamba wakati wa kufuturu unagongana na maandalizi ya chakula cha usiku cha wageni, na kwamba Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, hivyo ratiba moja haitoshi. Wakuu wa idara waipitie ratiba hiyo, lakini maoni yao niyachukue kwanza faraghani, kwa sababu mbele ya mkubwa wao watasema “sawa” hata pale ambapo wanajua kwamba mambo hayatakwenda.

Kinachohitaji muda mwingi zaidi ni namna ya kukaripia. Meneja kijana akimfokea mtu wa umri wa baba yake mbele ya wenzake, mzee yule hatajibu kitu. Atafanya alichoagizwa tu, na habari za jenereta inayosumbua au mgeni aliyekasirika hazitamfikia meneja tena. Kwa hiyo tunafanya mazoezi: amwite pembeni, amwamkie, amuulize hali ya nyumbani, kisha aseme kosa waziwazi bila kulipunguza.

Wafanyakazi nao wana haki ya kuelezwa kwamba maneno makavu ya meneja wa Nairobi mara nyingi ni haraka ya kazi, wala si dharau. Aliyetoka bara asisahau pia kwamba Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005, tofauti na ile ya bara ya mwaka 2004.

Mafunzo haya yagawanywe: sehemu kabla ya kuanza kazi, na sehemu kubwa zaidi baada ya miezi mitatu, meneja anapokuwa na maswali yake mwenyewe. Katikati hapo anahitaji mwenyeji mwenye busara wa kumshauri, na mwenyeji huyo apewe jukumu hilo kwa maandishi pamoja na posho, kwani hoteli nyingi humtwisha kazi hiyo bila kumlipa chochote, jambo ambalo ni dhuluma.