Maswali ya Wasomaji: Santuri za Panki na Hadikoo

SWALI: Nimeuziwa santuri ya inchi 7 ya bendi ya hadikoo (panki ya kasi na ukali zaidi) ya Marekani, nyekundu. Muuzaji anaapa ni toleo la kwanza kwa kuwa rangi hiyo ni adimu. Nimwamini?

JIBU: Rangi usiipe uzito huo. Shika santuri ukingoni, iinamishe chini ya taa ili mwanga upite ubavuni, kisha soma ule uwazi laini kati ya mwisho wa mifereji na lebo. Hapo ndipo penye matriksi: namba ya katalogi, herufi ya upande, mara nyingi utani wa bendi au alama ya fundi aliyekata mifereji (George Peckham wa Uingereza alizoea kuacha neno “Porky”). Nakili kila kitu, hata yaliyokwaruzwa na kufutwa, maana wakati mwingine toleo moja hutofautiana na jingine kwa ufutaji huo tu. Tazama pia kama maandishi ni ya mkono au ya muhuri.

Hata hivyo matriksi inaweza kukudanganya. Kampuni ndogo zilipoagiza awamu ya pili, kiwanda kiliweza kutumia mabamba yale yale ya chuma yanayochapia mifereji, na maandishi yakabaki vilevile. Hapo inayoamua ni karatasi: rangi ya lebo, anwani iliyo nyuma ya kava, karatasi ya mashairi iliyomo ndani. Toleo la kwanza lililokosa karatasi yake lisilipiwe bei ya lililo kamili.

SWALI: Nakala bandia naitambuaje?

JIBU: Kwa lenzi ya kukuza mara 10. Weka lenzi juu ya herufi ndogo za kava, siyo juu ya picha. Kwenye kava halisi la ofseti (uchapaji wa kawaida wa kiwandani) herufi nyeusi ni wino mzima wenye kingo safi. Bandia imepigwa picha kutoka kava jingine, kwa hiyo herufi nazo zimevunjika kuwa vidoti kama picha yenyewe. Hapo huhitaji ushahidi zaidi. “God Save the Queen” ya Sex Pistols, bendi ya panki ya Uingereza, iliyochapwa na kampuni ya A&M mwaka 1977 iliharibiwa karibu yote kabla ya kufika madukani; ndiyo maana bandia zake ni nyingi.

Kuna pia ujanja wa kutumbukiza santuri angavu, isiyo na rangi, kwenye rangi ya kutilia nguo ili ionekane ya rangi adimu. Chunguza kingo za lebo na tundu la katikati: rangi iliyopenya kwenye karatasi haikutoka kiwandani.

SWALI: Santuri za majaribio zina thamani gani?

JIBU: Ni chache, huchapwa ili bendi na kampuni wasikilize kasoro kabla ya kazi kamili. Lebo yake nyeupe ni rahisi mno kughushi. Ikiwa matriksi hailingani na ya toleo la kwanza, uliza maswali mengi kabla ya kutoa pesa.

SWALI: Santuri yangu imepata utando kama wa ukungu usiosafishika. Haikuwahi kuloana.

JIBU: Bila shaka ilikaa kwenye mfuko laini wa plastiki ya PVC. Mafuta yanayolainisha mfuko huo huhamia kwenye santuri polepole, na joto huharakisha. Ukungu ukishaingia hautoki, na mara nyingi husikika kama mchakacho. Ondoa mifuko hiyo yote leo. Nje tumia mfuko wa plastiki ya polipropilini, ndani wa polithilini. Kava za inchi 7 nyingi ni karatasi nyembamba iliyokunjwa tu, hivyo toa santuri, itie kwenye mfuko wake wa ndani, uiweke nyuma ya kava, usiirudishe ndani. Kava halitachorwa duara wala kupasuka kingo. Panga kwa kusimamisha, zisilale wala kubanana.

SWALI: Nakala yangu ina michirizi ya nyeusi na nyekundu isiyo kwenye orodha yoyote. Ni toleo jipya?

JIBU: Yaelekea ni nakala ya mpito: kiwanda kilipobadilisha rangi, mabaki ya rangi ya kwanza yalichanganyika na ya pili. Inapendeza, na hakuna nyingine inayofanana nayo kabisa, lakini hakuna aliyeiagiza. Wauzaji huipa jina la kuvutia na bei ya toleo rasmi, sisi tusingeilipa.