Uliza Maabara: madoa kwenye slaidi, damu ya mtoto na chupa iliyochafuka

SWALI: Habari za kazi. Nipo maabara ya kituo cha afya cha ngazi ya tatu, wilayani Tororo. Tangu mvua zianze, slaidi zangu za malaria zimejaa vidoadoa vyeusi, na tone nene (damu iliyorundikwa kwenye slaidi ili kutafuta vimelea) linang'oka wakati wa kusuuza. Nimebadilisha rangi, hali ni ileile. *Fundi wa maabara, Tororo*

JIBU: Hayo ni matatizo mawili, kila moja lina chanzo chake.

Vidoadoa ni mashapo ya rangi ya Giemsa. Hutokea maji yakiingia kwenye chupa ya rangi mama (rangi ambayo bado haijachanganywa na maji), hata tone moja kutoka kwenye pipeti yenye unyevu, au rangi iliyochanganywa asubuhi ikitumika mpaka jioni. Chuja rangi mama kwa karatasi ya kuchujia, iweke kwenye chupa kavu ya kahawia, na uchote kwa pipeti kavu. Changanya kiasi cha kutumia papo hapo tu: mililita 1 ya rangi kwa mililita 9 za maji ya bafa (yanayodumisha kiwango cha asidi) yenye pH 7.2. Hiyo inatosha slaidi 3, kwa dakika 10 hadi 15. Muda ukiisha, usiinamishe slaidi ili kumwaga rangi. Juu yake kuna utando unaong'aa, nao ukiinamisha unashuka na kulala juu ya damu. Mimina maji ya bafa polepole pembeni mpaka utando uelee na kutoka wenyewe, ndipo usuuze. Maji ya bomba au ya kisima yasiyopimwa pH yanaharibu rangi: yakiwa na asidi, kila kitu kinakuwa waridi na vimelea vinajificha.

Ukibaki na shaka, zungusha skrubu ndogo ya hadubini. Kimelea kina kiini chekundu pamoja na ute wa buluu, na kinaonekana vizuri katika kina kilekile cha chembe nyeupe. Doa jeusi tupu, linaloonekana safi pale chembe nyeupe zinapofifia, ni uchafu.

Kung'oka kwa tone kunatokana na kioo chenye mafuta, damu nyingi mno, au damu ambayo haijakauka. Mikrolita 6 zilizotandazwa duara la milimita 10 hadi 12 zinatosha. Damu ikiwa bado mbichi, weka slaidi juu ya gazeti. Unapaswa kuyasoma maandishi kupitia tone hilo kwa taabu kidogo. Msimu wa mvua tone huchelewa kukauka, na wengi hulipitisha juu ya moto. Hapo ndipo slaidi inapoharibika, kwa sababu joto linagandisha chembe nyekundu, hazipasuki tena, na usuli unakuwa mzito usiopenyeka. Mvuke wa methanoli nao hufanya hivyohivyo, kwa hiyo unapogandisha tone jembamba lililo kwenye slaidi ileile, hakikisha hata harufu yake haifiki kwenye tone nene. Feni ya kawaida inatosha, na slaidi ilale sawasawa. Upake rangi siku hiyohiyo, kwani slaidi iliyokaa siku kadhaa kwenye joto hujigandisha yenyewe.

Kuhusu hesabu, nayo inasumbua vituo vingi: hesabu vimelea mpaka ufikishe chembe nyeupe 200. Ukipata vimelea chini ya 100, endelea mpaka chembe 500. Vimelea 120 kwa chembe 200 ni 120 mara 8,000 gawa kwa 200, yaani 4,800 kwa mikrolita. Hiyo 8,000 ni kadirio tu la chembe nyeupe katika mikrolita moja ya damu. Mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe ni 5,000 ana vimelea 3,000, kwa hiyo kipimo cha damu kamili kikiwepo, tumia namba yake halisi.

SWALI: Mwanangu ana malaria, tukaombwa kuingia kwenye utafiti. Walichukua damu ya mshipa, wakasema wataotesha vimelea vyake. Vinaoteshwaje, na kwa nini damu ya kidole haikutosha? *Mama wa watoto watatu, Gulu*

JIBU: Mama, tone la kidole linatosha kuona vimelea. Kuviotesha kunahitaji mililita kadhaa, kwa kuwa damu ya mtoto inagawanywa kwenye vishimo vingi, kila kimoja na kiwango chake cha dawa.

Damu hufika maabara ndani ya saa chache. Huoshwa ili kuondoa maji ya damu na chembe nyeupe, kisha chembe nyekundu zinawekwa kwenye majilishe (maji yenye lishe ya kuoteshea seli) yaitwayo RPMI 1640, katika nyuzi 37, penye oksijeni kidogo, kama asilimia 5, na kiasi hichohicho cha kaboni dioksidi. Trager na Jensen, waliofanikisha njia hii mwaka 1976, walipunguza pia oksijeni kwa kuwasha mshumaa ndani ya chombo cha kioo na kukifunga ulipozimika. Kimelea cha *falciparum* humaliza mzunguko wake kwa saa 48, hivyo baada ya saa 72 inaonekana kama dawa imekizuia. Mtoto akiwa amemeza hata dozi moja kabla ya kuja, vimelea mara nyingi havioti. Ndiyo maana walikuuliza sana kuhusu dawa.

Eneo lenu linafuatiliwa kwa sababu ya maana. Mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi kutoka kaskazini mwa Uganda wa vimelea vyenye mabadiliko ya jeni ya Kelch13, yanayoitwa A675V na C469Y, ambavyo vinachelewa kuisha damuni mgonjwa anapopewa artesunate, dawa ya malaria. Kipimo cha maabara kinachukua vimelea vichanga vya saa 0 hadi 3, vinakaa na dawa saa 6, kisha vinahesabiwa saa ya 72. Vikiishi zaidi ya asilimia 1, ni dalili ya usugu.

Matokeo hayo hayabadilishi matibabu ya mwanao leo. Mmalizishe dawa mseto, dozi zote 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta. Ukitaka kujitoa kwenye utafiti, una haki hiyo, na matibabu yake yanaendelea.

SWALI: Majilishe ya seli zangu yamekuwa ya njano na yamechafuka. Nitupe? *Mwanafunzi, Kampala*

JIBU: Njano lakini angavu ni asidi: seli zimejaa, zigawe. Njano na yamechafuka mara nyingi ni bakteria. Lakini angalia kwanza tone moja kwenye hadubini. Desemba 1963 sampuli ya uvimbe wa Burkitt, aina ya saratani, ilitoka Kampala kwenda London, ndege ikatua Manchester kwa sababu ya ukungu, na maji yake yakafika yamechafuka. Epstein, mtafiti aliyeipokea, aliyatazama akakuta seli hai zinazoelea. Kutoka kwenye seli zilizooteshwa humo, virusi vya Epstein-Barr viliripotiwa mwaka 1964.

Ukiona vijiti au vitone vinavyotikisika, mimina jiki mpaka iwe asilimia 10 ya ujazo wote, acha dakika 30, mwaga, na usafishe inkubeta pamoja na chupa ya majilishe uliyotumia siku hiyo.