Gari Halipotei Lote: Kwa Wanaoanza Kufuatilia Magari ya Zamani Kusini

Mteja wa kazi hii haji na namba ya chesisi. Anakuja na picha: gari dogo la milango miwili, paa la turubai limekunjwa, limeegeshwa mbele ya nyumba ya ghorofa Lindi mjini au chini ya mwembe Mikindani, na mtoto amekalishwa juu ya boneti. Mtoto huyo leo ana mvi, anaishi Leicester au Toronto, na anataka kujua gari la baba yake liliishia wapi. Ukipata kazi kama hiyo kwa mara ya kwanza utatamani kupanda basi la Masasi kesho yake asubuhi ukaulizie. Subiri. Nusu ya kazi hufanyika mezani, na asiyeifanya huishia kulipa nauli za kufuata maneno ya watu.

Anza na picha yenyewe. Wengi hutazama kibao cha namba tu, na kikiwa kimefichwa na miguu ya mtoto wanakata tamaa. Tazama vitasa vya milango. MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ilianza kutengenezwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1962, na zile za mwanzo zilikuwa na vitasa vya kuvuta. Vya kubonyeza vilikuja 1965. Bampa nyeusi za mpira ni za kuanzia mwishoni mwa 1974. Jaguar E-Type ambayo taa zake za mbele zimefunikwa kwa kioo haizidi 1967. Tazama na usukani. Huku kwetu na Msumbiji wote tunaendesha kushoto, kwa hiyo usukani wa kulia haukuambii gari lilitokea ng'ambo gani ya Ruvuma. Usukani wa kushoto ndio wenye maneno: yawezekana aliyelileta alilinunua Ulaya bara akaja nalo, pengine mtaalamu wa mradi au mmisionari, na hapo maswali yako yanahama kutoka mitaa ya wafanyabiashara kwenda Ndanda, penye misheni, na Nachingwea.

Ukimaliza picha, mbane mteja kuhusu makaratasi. Aulize ndugu zake, apekue masanduku ya marehemu: risiti ya bima, barua ya benki, kadi ya zamani ya gari. Unachotafuta ni namba ya chesisi, kwa sababu namba ya usajili hubadilika serikali inapobadilisha mfumo, rangi hubadilika fundi anapopata kopo la rangi nyingine, na injini huhama. Usitegemee kuona tarakimu na herufi 17 kama kwenye magari mengi ya siku hizi. Utaratibu huo ulianza kulazimishwa Marekani kwa magari ya 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. MGB ya wazi ya mwanzo huanza na GHN3, na yenye paa la bati, yaani GT, huanza na GHD3. Triumph TR4 ni CT, TR4A ni CTC, na TR6 ya mwanzo inayopuliza petroli badala ya kutumia kabureta ni CP. Datsun 240Z ya usukani wa kulia iliyotengenezwa kuuzwa nje ya Japani ni HS30. Ile ya usukani wa kushoto ni HLS30, kwa hiyo ukionyeshwa HLS30 yenye usukani kulia, uliza nani aliuhamisha na lini. Kwenye Triumph jihadhari: bodi ina namba yake, tofauti na namba ya gari, na wauzaji wengi huisoma hiyo ya bodi kwa sababu ndiyo iliyosalimika.

Siku utakapolifikia gari, usiguse namba kwa msasa wala grenda. Hewa ya chumvi ya Mtwara hula bati kimya kimya chini ya rangi, na kinachobaki kwenye tarakimu kinaweza kuwa wembamba wa karatasi. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, futa taratibu, acha, futa tena. Kisha weka karatasi nyembamba juu yake, sugua ubavu wa penseli, na namba itajitokeza hata pale jicho halioni kitu. Karatasi hiyo ihifadhi. Ni ushahidi kuliko picha ya simu. Kwenye 240Z namba imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Kibao kidogo kilichopigwa ribiti ni rahisi kuhamishwa kutoka gari moja kwenda jingine, basi ribiti mpya kwenye gari la miaka sitini zikutie wasiwasi, na vilevile mstari wa kuchomelea unaozunguka namba iliyogongwa.

Namba ikishapatikana, kazi inakuwa nyepesi ghafla. Kwa MG na magari mengine mengi ya Kiingereza, andika kwa hifadhi ya nyaraka ya makumbusho ya magari iliyoko Gaydon, Uingereza. Kwa malipo, wanatoa cheti kinachoonyesha siku gari lilipotengenezwa, rangi lililotoka nayo, namba ya injini na soko lililokusudiwa. Volkswagen wana huduma ya namna hiyo Wolfsburg, kwa anayetafuta Karmann Ghia, gari lao la milango miwili. Cheti hicho huvunja hadithi nyingi za familia. Watu huapa kwamba gari lilikuwa jekundu tangu dukani, kumbe lilitoka kiwandani jeupe.

Sasa ndipo historia ya huku kusini inapokusaidia, na mgeni wa kazi hii huipuuza. Jiulize gari lenye tumbo chini vile lilifikaje hapa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea, barabara ya kuja Lindi ilikuwa tope la kumeza lori. Gari la michezo lililofika Mtwara kwa kawaida lilikuja kwa meli. Bandari ya kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa, reli ikang'olewa, bandari ikabaki. Mwenye gari la aina hiyo basi alikuwa mtu wa bandari, wa mashamba ya mkonge, wa serikali ya kikoloni, au mfanyabiashara wa korosho. Ukijua yupo kundi gani unajua na mwaka alioachana na gari: wakoloni waliondoka wakati wa uhuru, wa mkonge walitikiswa na utaifishaji wa 1967, na wafanyabiashara wenye majumba waliguswa na sheria ya kutaifisha majengo ya 1971. Anayefunga mizigo haraka huliacha gari kwa karani, kwa dereva, au kwa fundi anayemdai.

Fundi huyo ndiye unayemtafuta. Akiwa hai atakuwa mzee sana, na kama hayupo, tafuta aliyekuwa akimshikia tochi. Usimuulize kama amewahi kuona MG. Herufi hizo hazimwambii kitu. Muulize nani alikuwa akitengeneza magari ya Wahindi wa mtaa ule, lipi lilikuwa dogo, la wazi, lenye kelele, na mwenyewe watu walimwitaje. Huku gari hukumbukwa kwa jina la mwenye nalo na kwa tabia yake ya kukataa kuwaka. Piga hodi, toa shikamoo, kaa chini, kunywa ulichopewa, ongeleeni mvua na korosho kwanza. Usiwasahau kina bibi waliofanya kazi kwenye nyumba hizo. Wanajua gari liliingizwa banda lipi na nani alichukua funguo. Na usiende Oktoba na Novemba wakati wa minada. Nani ana muda na wewe korosho zikiwa ghalani?

Kabla hujainama chini ya gari bovu kwenye ua wa mtu huku umeshika tochi, pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, ujitambulishe na useme unachotafuta. Kusini kumejaa habari za hazina za Wajerumani na rupia zilizofukiwa. Mgeni anayepapasa vyuma vya zamani na kuandika namba kwenye daftari anajulikana amefuata nini, hata kama hakufuata. Uvumi ukishatoka, bei ya bodi iliyooza inapanda kuliko gari zima lililoko Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo hiyo, usitaje pesa siku ya kwanza.

Jambo ninalowasisitizia sana vijana ni hili: huku kwetu gari halipotei lote, hugawanywa. Spea zilipoadimika miaka ya sabini mwishoni na themanini, kila kitu kilichoweza kufungwa kwenye chombo kingine kilifungwa. Kwa hiyo jifunze undugu wa injini. Injini ya MGB, ya sentimita za ujazo 1798, ni ya ukoo mmoja na zile za Austin Cambridge na Morris Oxford, basi ukiambiwa MG ilikufa, uliza pikapu gani ya Austin au Morris ilifufuka mwaka ule. Injini ya 240Z, L24 ya silinda sita, ilitumika pia kwenye saluni kubwa za Datsun. Undugu ninaoupenda zaidi ni wa Triumph: injini za TR2 hadi TR4A ni za ukoo wa ile Standard iliyokuwa kwenye trekta dogo la Ferguson TE20. Mwenye Triumph mbovu na mwenye trekta bovu walikuwa na sababu ya kujuana. Usikague gereji za mjini tu. Ingia na mabanda ya matrekta.

Injini ukiipata, soma herufi zake kabla ya kushangilia. Za MGB za mwanzo huanza na 18G au 18GA, na kuanzia mwishoni mwa 1964 ni 18GB, zenye beringi kuu tano za krenki badala ya tatu. Herufi H au L ndani ya namba hiyo inaonyesha mgandamizo wa juu au wa chini, na ule wa chini ulifaa kwa petroli hafifu. Linganisha na cheti cha Gaydon. Zikipatana, hata kama bodi ilishakatwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, umempata jamaa yako.

Utasikia pia kwamba gari fulani lilishindana kwenye Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953 na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo si uongo mtupu kila mara. Ila omba picha yenye namba ya ubavuni. Datsun 240Z iliyoshinda 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller iko Japani, kwenye hifadhi ya Nissan ya Zama. Haiko Newala, hata anayekuambia akiapa.

Umiliki nauelezea kwa ufupi kwa kuwa hauna njia ya mkato. Kadi ikiwa ya marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjomba mwenye funguo hana mamlaka hayo. Polisi waulizwe kama chesisi imewahi kuripotiwa kuibwa. Hayo yafanyike kabla mteja hajatuma hata senti.

Ripoti yako iseme ulichokiona na ulichoambiwa, kila kimoja mahali pake, pamoja na karatasi ya penseli. Dai nauli na malazi kabla ya safari, ada yako baada ya ripoti, na usikubali kulipwa kwa sharti la gari kupatikana. Mwenye sharti hilo mwambie atafute mtu mwingine.