Mathenge Umechipuka Upya Baada ya Tingatinga: Ning'oe Kwanza au Niweke Uzio?

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa Marigat, Kaunti ya Baringo. Nilirithi kwa marehemu baba yangu ekari 6 zilizokuwa zimefunikwa na mathenge, ule mti vamizi wa miiba. Mwaka jana nilikodi tingatinga, nikalipa kwa saa, nalo likaangusha miti yote katika ekari 2 na kuisukuma ukingoni. Mvua iliponyesha, kila kisiki kilitoa machipukizi manne au matano. Pesa nilizobakisha zinatosha ama kung'oa ekari zilizosalia, ama kuweka uzio wa seng'enge, lakini si vyote viwili kwa pamoja. Nianze na kipi?

JIBU: Mama, pole sana kwa hasara hiyo. Ushauri wangu ni kwamba uanze na uzio, ila kabla ya kusimamisha nguzo hata moja, usafishe kwanza ukanda wa mpakani wenye upana wa kutosha mashine kupita, kisha sehemu ya ndani uing'oe kidogo kidogo kadiri pesa zinavyopatikana. Najua wengi hufanya kinyume, wakiuona uzio kuwa pambo la mwisho la shamba lililokwisha kusafishwa, lakini kwa mathenge mpangilio huo ni wa hasara.

Sababu yenyewe ni mifugo. Mbuzi na ng'ombe hupenda maganda ya mathenge kwa sababu ni matamu, na sukari hiyo ndiyo inayolaumiwa kwa kuozesha meno ya mbuzi, jambo lililowafanya wafugaji wa jamii ya Ilchamus wa Baringo kuishtaki serikali mahakamani mwaka 2006. Mbegu zenyewe, zikiwa na ganda gumu, hupita tumboni bila kudhurika. Chukua kinyesi kikavu cha mbuzi katika ekari ulizosafisha, ukivunje kwa vidole, na huenda ukakuta mbegu ndogo za kahawia zinazong'aa, zikiwa zimewekewa mbolea tayari. Shamba lisilo na uzio hupandwa mathenge kila jioni mifugo inapopita kurudi bomani, hata kama uling'oa kila kisiki.

Sasa nirudi kwenye tingatinga lako. Bamba la mbele la mashine hiyo hukatia shina usawa wa ardhi au juu kidogo, na papo hapo huondoa udongo wa juu ambao shamba linauhitaji. Fukua kisiki kimoja kwa jembe utazame mahali shina linapoingia ardhini: utaona fundo lililovimba, na katika fundo hilo ndimo mnamolala macho ya mti, yakisubiri shina likatwe ili yaamke. Ni lazima fundo hilo litoke lote, nalo kwa kawaida halizidi sentimita 30 chini ya uso wa udongo. Usihangaike na mzizi unaoendelea chini, kwa maana huko Arizona, Marekani, mzizi wa mti wa jamii hiyo hiyo ulikutwa zaidi ya mita 50 ardhini, na hakuna mkulima anayeweza kuufuata huko. Fundo likishatoka, mzizi uliobaki hufa wenyewe.

Kwa kazi hiyo mashine inayofaa ni ekskaveta, kwa sababu kijiko chake hung'oa kisiki kimoja kimoja na kuacha udongo mahali pake. Dai iliyo na minyororo badala ya magurudumu ya mpira, kwani miiba ya mathenge hutoboa matairi, na saa za kuziba pancha hazipaswi kuhesabiwa katika malipo yako. Kuhusu malipo yenyewe, ukilipa kwa saa dereva hana haraka, na ukilipa kwa ekari hukimbia na kuacha visiki. Mimi ningepatana kwa ekari, nikaanza na robo ekari ya majaribio, na kukagua kila shimo kabla ya kutoa pesa ya kwanza. Wakati mzuri ni wiki chache baada ya mvua, ardhi ikiwa na unyevu wa kulegeza mizizi lakini imekauka kiasi cha kutoizamisha mashine.

Ukanda wa mpakani ukishakuwa wazi, mwite mpima ardhi aonyeshe mawe ya mpaka, kisha zungumza na majirani. Kama pana njia ya mifugo kwenda majini inayokatiza shambani kwako, waachie ushoroba au lango, kwa sababu seng'enge iliyofunga njia ya maji hukatwa usiku, na haki ya wenzako ya kunywesha mifugo ni jambo la kuheshimiwa hata pale hatimiliki iko mkononi mwako. Mashimo ya nguzo huchimbwa haraka kwa keekee, yaani chuma cha kutobolea ardhi, inayozungushwa na trekta: kina cha sentimita 60 kwa nguzo za kawaida, na 90 kwa zile za kwenye kona, ambazo ziwekewe tegemeo la mshazari kwa kuwa ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya.

Ndani ya uzio, katika zile ekari 2, fukua visiki kwa jembe na sururu, na miche michanga uing'oe kwa mkono udongo ukiwa umelowa. Panda nyasi mara moja, kwani mche wa mathenge hudhoofika unapokosa mwanga.

SWALI: Je, magogo ya mathenge yanaweza kuwa nguzo za uzio? (Msomaji, Kampi ya Samaki)

JIBU: Yanaweza, tena ni magumu. Chagua yaliyokomaa, yenye kiini chekundu kilicho kinene, na uyabambue magome, kwani mti mweupe ulio chini ya gome ndio unaoliwa na bungua, mdudu atoboaye mbao. Kabla ya kuyasafirisha nje ya shamba, pita kwenye ofisi ya misitu iliyo karibu uulizie kibali.