Kifafa cha tegu wa nguruwe kwa mtoto asiyekula kitimoto

Mama uliyeuliza, mwanao wa Mbalizi, Mbeya, anaweza kabisa kupata kifafa cha tegu wa nguruwe (aina ya mnyoo) hata kama hajaonja kitimoto. Nyama isiyoiva humpa mlaji tegu tumboni. Kinachoingia ubongoni na kujenga vifuko ni viluwiluwi wanaoanguliwa kutoka mayai ya tegu huyo, yanayotoka na kinyesi cha binadamu na kumezwa kwa mikono michafu au mboga mbichi. Tafiti za wilaya za Mbozi na Mbulu, Tanzania, zimeukuta ugonjwa huu.

Usimpe albendazole (dawa ya minyoo) kwa kubahatisha. Apigwe kwanza CT skani (picha ya ndani) ya kichwa: vifuko vikifa kwa dawa hiyo, ubongo huvimba na degedege huzidi, hivyo daktari hutanguliza steroidi (dawa za kupunguza uvimbe). Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni (wala kitunguu puani!). Degedege ikipita dakika 5, hospitali. Dawa za kifafa usizikatishe ghafla.